Mchezo wa Mgeni

3 Februari

Baba, shikamoo.

Najua simu huisikii tena, na shangazi akikusomea ujumbe anaongeza ya kwake, kwa hiyo nakuandikia kwa mkono kama ulivyonifundisha, mistari iliyonyooka na pembezoni pana. Mguu umepungua kuvimba? Ile dawa ya kutoa maji usiiache kwa sababu inakuamsha kwenda chooni. Bora maji yaende chooni kuliko kifuani. Hayo nasema kama mtu wa maabara, si kama binti.

Sasa la kwangu. Mjukuu wako, Bibi Mdogo, hakupita usaili wa kuanza shule. Jumatatu nilimpeleka kwenye ile shule iliyo nyuma ya hospitali yetu. Wakamkalisha mbele ya mwalimu asiyemjua, wakatoa fomu. Baba, ni ile ile fomu uliyoitunga wewe. Maswali kumi na mawili, "Mtoto anamtazama anayemuuliza", "Mtoto anataja jina lake", yote, mpaka mkato na nukta zako. Nilijivuna kidogo. Kisha nikaona mwanangu anavyoitazama feni ya darini tangu swali la kwanza hadi la mwisho. Alipata matatu. Mwalimu mkuu ni mama mpole, alinishika bega akasema, "Tumwahirishe kwanza. Mlete tena mwezi wa sita. Akishindwa na hapo, itabidi apelekwe panapomfaa." Nikamuuliza panapomfaa ni wapi. Akatazama dirishani.

Daktari wa watoto hapa kazini alimwona, akatamka neno usonji taratibu, kama mtu aliyeshika kikombe cha moto. Akaniuliza kama kwetu au kwa mume wangu kuna mtu wa namna hiyo. Mama mkwe alipopata habari hakungoja kuulizwa. "Kwetu hakuna watoto wa hivyo. Sisi wote tulizungumza kabla ya kuota meno." Nikamjibu kwamba kwetu pia hakuna, na baba yangu amekagua watoto wa shule miaka thelathini na moja, angekuwa wa kwanza kuona. Kwa hiyo nakuomba mambo mawili. Mwandikie mwalimu mkuu, jina lako bado lina uzito. Na uniandikie mistari miwili nimwonyeshe mama mkwe, kwamba mimi nilikuwa mtoto kama watoto wengine.

La tatu si ombi. Nimeanza kumchezesha Mchezo wa Mgeni. Unaukumbuka? Unatoka nje, unavaa kofia, unabisha hodi, unaingia kama mtu nisiyemjua na kuniuliza maswali, nami nakutazama katikati ya nyusi na kuhesabu moja mbili tatu kabla ya kujibu. Nikipatia, unanigonga muhuri wako wa tarehe mgongoni mwa mkono. Katika utoto wangu wote sina kumbukumbu tamu kama ile. Baba za wenzangu walirudi kazini wakalala. Wangu alivaa kofia. Nimenunua muhuri, na kofia nimeazima kwa baba yake.

Mwanao


14 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mguu uko mahali pake nami niko mahali pangu, hatusumbuani. Shangazi yako anasema nimekuwa kama redio mbovu, silii mpaka nipigwe. Yeye ndiye mtu pekee ninayemsikia hata bila masikio.

Msalimie mke wangu. Mwambie mumewe mzee anauliza kwa nini anatazama feni za watu ilhali ana mume. Ila feni si kitu kibaya kutazama. Inazunguka vile vile leo na kesho, wala haimgeuki mtu.

Habari ya fomu nimeisoma mara tatu. Sikujua kwamba bado wanaitumia, nilidhani wameshatunga nyingine. Mwalimu mkuu nitamwandikia. Nipe siku chache, mkono unatetemeka na sitaki adhani barua imeandikwa na kuku. Mama mkwe wako usishindane naye. Watu wanaosema kwao hakuna hiki wala kile, ni kwamba hawajatazama.

Ule mchezo, mwanangu, usiucheze kila siku. Mara moja kwa juma inatosha, na hata ukiuacha hakuna kitakachoharibika. Mtoto wa miaka sita ana mambo yake. Wakati mwingine nafikiri ulikuwa mchezo wa mzee kuliko wa mtoto. Mke wangu anapenda nini? Niandikie hilo. Alama zake sina haja nazo.

Baba yako


2 Machi

Baba, shikamoo.

Unauliza anapenda nini. Anapenda vifuniko vya chupa. Ninamletea vile vya chupa za vipimo ambazo hazijatumika, anavipanga kwa idadi ya meno ya pembeni, meno ambayo mimi siyaoni mpaka nivitie chini ya hadubini. Anapenda kulaza shavu ubavuni mwa jokofu. Anapenda kusimama nyuma ya mlango na kuangalia bawaba. Basi. Mimi simo kwenye orodha, lakini sijakata tamaa.

Habari njema ni hii. Alhamisi mgeni aliingia, naye akamtazama mgeni kwenye paji la uso, akahesabu kwa vidole vitatu, akataja jina lake lote. Nikamgonga muhuri. Kisha nikaenda bafuni kulia. Unajua desturi yangu, nikitoka kazini lazima nilale sakafuni bafuni nusu saa, taa imezimwa, ndipo niweze kuwa mama wa mtu. Mume wangu anasema wanawake wengine wana vikoba, mimi nina vigae.

Mikono yake bado inarukaruka. Nimemfundisha kuikalia, kama ulivyonifundisha. Mimi mpaka leo naikalia kwenye vikao vya idara, wenzangu wanadhani nasikia baridi.

Unasema mara moja kwa juma. Mbona mimi ulinichezesha kila jioni, hata Jumapili? Umekuwa babu, umelainika. Babu kazi yake kudekeza, na mimi nina mpaka mwezi wa sita. Siku hizi anatafuna mkono wa sweta hadi kiwiko, lakini sweta ni kitu cha kushona.

Mistari ya mama mkwe hukuandika. Umesahau, au shangazi aliitumia kufungia sukari?

Mwanao


10 Machi

Mwanangu,

Ndani ya bahasha hii kuna barua ya mwalimu mkuu na karatasi moja zaidi. Mpelekee zote mbili, ila ile karatasi isome wewe kwanza.

Fomu ile ilikuwa na ukurasa wa pili. Hakuna aliyewahi kuuona nje ya ofisi yetu. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa kumtambua mtoto, na wa pili ulimwambia mwalimu afanye naye nini. Amkalishe karibu na mlango. Amwonyeshe kwa picha mambo ya leo kabla hayajafika. Akubali jibu la kidole badala ya jibu la mdomo. Asimshurutishe kutazamana macho. Kelele zikizidi, amwache atoke bila kuomba. Mkubwa wangu alisema karatasi hazitoshi na walimu wa kuufuata hawapo, tuanze na wa kwanza, wa pili utakuja. Nikakubali. Nikastaafu haujaja.

Nakala sina. Nimeuandika upya kwa kumbukumbu, na sina hakika kama nakumbuka nilichoandika au ninachotamani ningeandika. Usome kana kwamba umeandikiwa wewe. Mwache atikise mikono yake. Mwache na jokofu lake.

Kuna jambo nataka tuzungumze ana kwa ana. Ukipata likizo njoo, hata siku mbili. Si jambo la kuandika.

Mistari ya mama mkwe sikusahau.

Baba yako


1 Aprili

Baba,

Siwezi kuja. Likizo nimeimaliza kumzungusha Bibi Mdogo kwa madaktari, na sasa hivi siwezi kumwacha.

Jumamosi alikosa mara tatu mfululizo. Nikafanya ulivyokuwa ukifanya. Nikatoka, nikafunga mlango, nikasema mgeni ameondoka, atarudi ukiwa tayari. Nakumbuka nilivyokuwa nikikungoja, moyo ukidunda kama wa mtu anayengoja zawadi. Nilisimama koridoni dakika ishirini. Ndani kimya. Nikafurahi kwamba ametulia. Nilipofungua alikuwa chini ya kitanda, amejing'oa nywele upande mmoja, na mgongo wa mkono, pale penye muhuri, ameuuma mpaka nyama inaonekana.

Tangu siku hiyo hajasema neno. Alikuwa na maneno arobaini na moja, nilikuwa nimeyaandika yote. Leo hata "maji" hakuna. Nikikaribia anahama. Nilirudi na kofia ya kazini kichwani, ile ya karatasi, akajikojolea. Baba yake ameitupa ile kofia nyingine bila kuniambia. Mama mkwe amekuja na hasemi kitu, nami ningependa aseme.

Karatasi yako nilimpelekea mwalimu mkuu. Aliisoma yote, akaikunja vizuri, akanirudishia. "Mwambie mzee nashukuru sana. Lakini nina watoto themanini na mlango mmoja."

Niambie nimekosea wapi. Nikishindwa, wewe ulikuwa ukifanyaje baada ya kufunga mlango? Kuna kitu ulikifanya ambacho sikukiona, kwa sababu kwangu mchezo ulifaulu na kwake umeharibu. Niandikie, nirekebishe. Mwezi wa sita umekaribia.

Mwanao


9 Aprili

Mwanangu,

Hukukosea popote. Umeucheza sawasawa na nilivyoucheza mimi, ndiyo sababu mtoto yuko chini ya kitanda. Uache leo, kabla hujasoma mstari unaofuata.

Ulikuwa na miaka mitano. Hukusema neno mpaka ulipokaribia minne, na ulipoanza ulirudisha maneno yetu kama yalivyo. Nikikuuliza "Unataka chai?" ulijibu "Unataka chai." Jina lako likiitwa hukugeuka, lakini karatasi ya peremende ikifunguliwa chumba cha pili ulikuja mbio. Ulizunguka meza ukigusa kila pembe, na ukiikosa moja ulianza upya. Mama yako alisema, "Mtoto ana njia yake, mwache." Mimi nilikuwa mkaguzi. Nilikuwa nimemaliza kutunga fomu miezi minane kabla ya hapo. Siku moja mama yako yuko sokoni nilikukalisha jikoni, nikakuuliza maswali yangu yote kumi na mawili. Ulipata mawili.

Kila swali uliloshindwa nililitungia zoezi. Mchezo ulizaliwa hivyo. Kofia niliivaa kwa sababu uliogopa mgeni. Muhuri niliutumia ili jioni nikitazama mkono wako nijue umefika wapi. Wewe ulikuwa ukicheza, na mimi nilikuwa nakuficha.

Unauliza nilifanya nini baada ya kufunga mlango. Nilitazama saa. Mwanzo dakika tano, baadaye ishirini, mara moja saa nzima. Unasema ulikuwa ukingoja kama mtu anayengoja zawadi. Mstari huo nimeusoma mpaka karatasi imelegea. Mimi nilikuwa upande wa pili wa mlango, na nilisikia. Ulikuwa ukigonga kichwa ukutani, taratibu, kwa mpigo mmoja usiobadilika. Shangazi yako alikuja siku moja akasikia. "Mkaguzi, huyo mtoto ana nini?" Nikamwambia anacheza. "Mchezo gani wa mtu mmoja?" Akataka kufungua, nikamzuia kwa mkono. Hakukanyaga kwetu mwaka mzima. Wewe uliambiwa amehamishwa kikazi.

Nilikufanyia hivyo miezi sita. Siku ya fomu nilimwomba mwenzangu akuulize, ili isisemwe nimekupendelea. Alipokohoa tu, hata swali hajauliza, uliteleza kutoka kitini ukaingia chini ya meza, ukakumbatia mguu wa meza. Mwenzangu akanitazama. Nikamwambia mtoto ana homa. Fomu nikaenda nayo nyumbani, nikaijaza mwenyewe. Nilikupa kumi na moja. Moja nilikunyima ili isionekane.

Kwa hiyo hata kwako mchezo haukufaulu. Kilichokupeleka shule ni uongo wangu, na kilichokubakiza huko ni wewe mwenyewe, kwa juhudi ambazo sasa naona zinakulaza juu ya vigae kila jioni. Ulipoandika habari ya vigae ulidhani unanichekesha.

Bado sijamaliza. Siku ile ile, kwa kalamu ile ile, niliwaandikia watoto wanne "Aahirishwe". Mmoja alikuwa binti wa fundi saa wa mtaani kwetu. Alikuwa kama wewe, vile vile kabisa. Mwaka uliofuata akaletwa tena, nikamwahirisha tena. Fomu haina mwaka wa tatu. Kila nilipopita dukani kwao nilimwona sakafuni, akipanga springi kwa ukubwa wake, na baba yake hakukosa kuinuka kunisalimia. Alikuwa akiniita mwalimu.

Nilijua fomu ile inawatupa nje watoto wenye akili, kwa sababu nilikuwa na mmoja nyumbani. Katika ofisi nzima hakuna mwingine aliyekuwa na ushahidi huo. Ningeweza kusimama na kusema, huyu hapa, ni wangu, amepata mawili, na njooni mwone anavyosoma maandishi ya makopo yote ya jikoni akiwa na miaka mitano. Kusoma fomu haikuuliza. Nilikaa kimya miaka thelathini kwa sababu kusema kungekutoa wewe darasani na mimi ofisini. Ya kwanza nilijiambia mara nyingi. Ya pili naiandika leo kwa mara ya kwanza.

Mama mkwe mwambie kwetu wapo. Wa kwanza anaisoma barua hii. Huenda hata mimi, niliyechagua kazi ya kuuliza watu maswali ili nisiulizwe.

Ningekuandikia haya mwezi wa pili, na mtoto angekuwa na maneno yake arobaini na moja. Lakini ulikuwa umeandika kwamba huna kumbukumbu tamu kama ile. Daktari amenihesabia majuma, na nilitaka kufa nikiwa bado ni yule baba mwenye kofia. Huo ni uchoyo, na mjukuu wangu ndiye aliyeulipia.

Unaniuliza urekebishe nini. Sijui. Nimewaambia walimu cha kufanya maisha yangu yote, na leo sijui kama maneno yake yatarudi, wala lini. Mwache chini ya kitanda kama anataka kuwa huko. Kaa mahali anapoweza kukuona, usimuulize kitu.

Baba yako


18 Mei

Wewe mtoto,

Ni mimi shangazi yako. Nakuandikia bila kutumwa, yeye amelala.

Majuma matano sasa. Mlango ukigongwa ananitazama mimi, kana kwamba nimeficha barua kwenye khanga. Nimemwambia mimi si tarishi. Anakula vijiko vitatu, cha nne anageuza uso. Maji yamefika kifuani.

Sikuandikii umsamehe. Mimi ilinichukua mwaka mzima, tena nilirudi kwa sababu nilimkumbuka mama yako, si yeye. Na usidhani naandika nikiwa nimekaa juu ya mlima. Siku ile nilisikia, nikakasirika, nikaondoka. Mlango sikuufungua. Nilikuwa na nguvu kuliko yeye, wewe unajua mikono yangu, na sikuufungua.

Kama huna neno zuri, tuma tusi. Atafurahi, mradi lina stempu.

Shangazi yako


2 Juni

Baba,

Nimeandika barua sita nikazichana. Hii nitaituma hata ikiwa mbaya.

Nimekasirika, lakini kila nikikulaani nafika mahali pa kofia, na kofia ni mimi niliyeivaa. Wewe ulikuwa na sababu ya kuogopa ofisi yako. Mimi nilikuwa na karatasi yako ya pili mkononi, nikaisoma, nikaona imeandikiwa mtu mwingine.

Hajasema neno. Nywele zinaota. Majuzi nilikuwa nimelala bafuni gizani, mlango ukasukumwa, akaingia akalala upande wa pili wa vigae. Hatukugusana. Nusu saa ilipokwisha akainuka akatoka, nami nikabaki, kwa sababu sikujua kama kumfuata ni kumuuliza swali.

Mama mkwe nilimsomea mstari wako. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita. Akasema, "Kumbe ndiyo maana hupendi sherehe. Mimi nilidhani hunipendi mimi." Sasa anakuja jioni, anakaa sakafuni na magoti yake mabovu, anampa vifuniko kimoja kimoja. Mtoto anavipokea. Kwangu havipokei.

Shuleni simrudishi. Hakuna aliyeuliza. Nilipita pale uani juzi nikitoka kazini, nikasikia watoto wanasoma kwa pamoja, nikasimama hadi mlinzi akaniuliza nina shida gani.

Kwenye kikao cha idara nilijaribu kutoa mikono chini ya mapaja. Niliiweka mezani, nikawa naiangalia kama vitu vya mtu mwingine alivyosahau. Nikairudisha.

Nina swali moja tu. Nilikuwaje kabla? Nimejaribu kumkumbuka yule mtoto wa kabla ya kofia, sipati kitu. Kumbukumbu yangu ya kwanza kabisa ni wewe unabisha hodi. Mama hayupo wa kumuuliza. Sitaki kasoro zangu, hizo umeniandikia tayari. Nataka kumjua yeye mwenyewe. Nafikiri yeye angejua Bibi Mdogo anataka nini kwangu, na mimi sijui.

Niandikie haraka.

Mwanao


11 Juni

Mwanangu,

Anaandika shangazi yako, mimi nasema. Amekula kiapo kwamba haongezi.

Nimelifanyia kazi swali lako siku tatu. Nilikuwa na daftari. Miezi ile sita nilikuandika kila siku, na sikulitupa, kwa sababu mkaguzi hatupi kumbukumbu. Shangazi amelitoa chini ya sanduku la mama yako. Lina kurasa tisini na mbili. Nimelisoma lote kwa lenzi. Lina tarehe, lina swali la ngapi, lina dakika ulizochukua kujibu. Hakuna ukurasa niliouandika kwamba leo mtoto alifurahi, wala kwa nini. Ukilitaka shangazi atakutumia. Ukitaka lichomwe, jiko lipo.

Kwa hiyo nimebaki na kichwa, na kichwa changu kilipangwa na mtu yule yule aliyeandika daftari. Nikikumbuka kitu chako, ninachokumbuka ni namna nilivyokikomesha. Ulikuwa na sauti uliyoitoa puani asubuhi, kabla hatujaamka, ndefu, inapanda na kushuka. Wimbo wenyewe umenipotea. Nakumbuka kwamba nilikuambia unyamaze, na siku uliyonyamaza nakumbuka ilikuwa Jumanne. Ulikuwa ukinitilia kokoto ndani ya kiatu, moja kila asubuhi, kiatu cha kulia. Nilidhani ni utundu, nikakuchapa. Sasa nafikiri ulikuwa unanipa. Lakini mtu akiwa kitandani siku nyingi anafikiri mengi, usinitegemee.

Mama yako angekujibu. Yeye alikuwa akikutazama.

Kuna jambo moja ambalo nina hakika nalo, na ni dogo. Nilirudi kazini mapema, kulikuwa na manyunyu. Ulikuwa uani peke yako, nguo zimelowa, umeinua uso juu, mikono yako yote miwili inaruka, nawe unacheka. Hapakuwa na mtu wa kukuchekesha. Sijawahi kumwona mtu yeyote, mkubwa wala mdogo, aliyefurahi kiasi kile. Nilisimama getini na mwavuli nikakutazama. Sijui kwa muda gani. Ningependa kukuambia muda mrefu, lakini nadhani ilikuwa dakika moja, au pungufu yake.

Kisha nikakuita.

Baba yako